Sikudhani na Tete la Ruhusa

Paukwa!

"Pakawa!"

Nimesikia sauti nne tu, na mmoja wenu kajibu ana ndizi mdomoni. Meza kwanza. Kumeza, siyo kuificha shavuni. Na wewe Kokushubila, uliyeachwa na homa juzi, njoo ukae mbele hapa na bakuli lako la uji, nikuone. Watu wazima nao waache kunong'ona, hii ni yao pia. Haya, tena. Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo zamani za kale, zamani ile ambapo ziwa lilikuwa bado linatafuta ukingo wake, palikuwa na kinamasi kimejaa matete. Wenyeji wake wakikiita Mateteni. Na wenyeji wenyewe walikuwa mbayuwayu. Wengi. Asubuhi wakiamka, pururu, mbingu inakuwa nyeusi. Jioni wakirudi, pururu, matete yote yanalemewa.

Mbayuwayu hao walikuwa na safari. Kila mwaka masika yakielekea kwisha, walikwenda kaskazini. Mbali huko. Unavuka milima, unavuka nyika, halafu unafika jangwani. Na jangwani hakuna kitu. Hakuna mbu, hakuna nzi, hakuna hata usubi mmoja aliyepotea njia. Siku tatu unaruka hujatia kitu mdomoni. Sasa unaishi kwa nini? Unaishi kwa kile ulichokula nyumbani. Mwili unajila wenyewe. Leo mafuta ya tumbo, kesho mafuta ya mgongo, keshokutwa ya kifua. Mafuta yakiisha na jangwa bado lipo, basi tena, yaliyobaki sisemi mbele ya watoto.

Kwa hiyo walijiwekea desturi. Katikati ya kinamasi paliota tete moja refu, limejiinamia juu ya maji. Waliliita Tete la Ruhusa. Kabla ya safari, kila mbayuwayu alitua juu yake, peke yake, akatulia. Kama ni mzito wa kutosha, tete linainama, linainama, linainama, mpaka ncha inagusa maji. Chubwi. Huyo ana ruhusa. Ncha isipogusa, huyo anabaki. Na aliyekwisha kugusa hapimwi tena, ndivyo walivyokubaliana, maana walikuwa wengi na tete lilikuwa moja.

Msimamizi alikuwa Chura. Alikaa chini ya ncha, maji shingoni, macho juu. Chura hakuwa na ndugu angani, kwa hiyo hakumpendelea mtu. Ncha ikigusa maji anasema, "Imegusa." Isipogusa anasema, "Bado." Hakuwa na neno la tatu.

Basi, katika mbayuwayu hao walikuwamo mapacha wa kike, Sikujua na Sikudhani. Sikujua ndiye kurwa, alitangulia kutoka yaini. Sikudhani ndiye doto. Tangu siku hiyo hawakuwahi kulala matete mbalimbali. Walikuwa wameahidiana kwamba mwaka huo, wakifika kaskazini, watajenga kiota kimoja cha udongo, mlango mmoja, vyumba viwili. Na wote wawili walijua ni nani atakayejenga. Sikujua akijenga, kiota kinadondoka kabla hajamaliza kukisifu. Sikudhani alikuwa fundi. Akichukua donge la tope kwa mdomo, akalibandika ukutani, limenata.

Lakini Sikudhani aliugua. Vuli yote homa. Kiangazi chote homa. Masika yalipoingia homa ikaondoka, ikaondoka na nyama zake. Kidari kikachongoka kama kisu. Mabawa yakawa makubwa kuliko mwenyewe. Wenzake wakamwambia, "Pole, Sikudhani, umekonda." Akasema, "Kidogo tu." Wakatazamana, wakaruka zao.

Zilipobaki siku kumi na nne, mabawa yakaanza kuwawasha. Ndivyo walivyo mbayuwayu. Safari ikikaribia, hawakaliki. Unatua, unaruka. Unatua, unaruka. Firi firi firi. Unatazama kaskazini na hujui unatazama nini. Unaanza kumsimulia mwenzako jambo, katikati umeondoka. Kinamasi kizima kilikuwa hivyo, hakuna tete lililotulia, hakuna aliyemaliza sentensi.

Na aliyewashwa kuliko wote ni Sikudhani, kwa sababu aliogopa. Masika yakiisha kinakuja kipupwe. Kipupwe kikija, wadudu wa angani wanakwisha. Na mbayuwayu aliyebaki peke yake Mateteni, wenzake wakirudi hawamkuti.

Asubuhi hiyo akaenda kujaribu. Akatua juu ya Tete la Ruhusa, akafumba macho. Tete halikuinama. Halikutikisika hata kwa heshima.

"Bado," akasema Chura.

"Bwana Chura, labda nimetua vibaya. Ngoja nisogee huku nchani."

Akasogea nchani. Chura akatazama ncha, akatazama maji. Katikati yake angepita bata na wanawe wote.

"Bado."

Sikudhani akarudi kwa dada yake. "Nitakula," akasema. "Nitakula mpaka tete lile livunjike."

"Utakula nini?" akauliza Sikujua.

"Chochote. Kula ni kula."

Hapo ndipo alipoanza kukosea.

Alianza na usubi. Usubi wa ziwani hupanda juu kama moshi wa jikoni, nanyi mmeuona. Sikudhani akaingia katikati mdomo wazi, akapita, akageuka, akapita tena. Kutwa nzima. Fa, fa, fa, fa. Sasa usubi ni kitu gani? Ni bawa na vumbi. Unafukuza mia, unapata ishirini, na nguvu ya kufukuza wale mia inatoka kwako. Na kila akimeza kidogo, anakwenda kujipima.

"Bado," akasema Chura.

Anakula kidogo, anakwenda tena.

"Bado."

Jua likawaka, jua likazama, Sikudhani yuko njiani, kwenye usubi, kwenye tete, kwenye usubi, kwenye tete. Alichokula chote alikimaliza akienda kuangalia kama kimefika mwilini.

Siku ya nne akamwendea Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua. Chozi alikuwa kwenye mgomba, anang'aa kijani na zambarau.

"Ndugu yangu, wewe kila siku una nguvu. Unakula nini?"

"Utamu, dada," akasema Chozi. "Asubuhi utamu, mchana utamu, jioni namalizia na utamu."

Sikudhani akafyonza maua ya mgomba. Akafyonza mpaka ulimi ukanata. Kichwa kikawaka. Akapanda juu, akashuka chini, akaona kaskazini ni hapo nyuma ya kilima tu, angeweza kwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Adhuhuri ilipofika, miguu ikalegea. Tumbo likamwendesha. Akajilaza kwenye majani, akitetemeka. Utamu ulikuja mbio na ukaondoka mbio, haukuacha hata mkoba. Chozi yeye ni mdogo, hana jangwa la kuvuka.

Kesho yake akatua juu ya tete.

"Bado," akasema Chura, kabla hajakaa vizuri.

Siku zikabaki nane. Siku hiyo Sikujua naye akapanda tete. Alikuwa amejaa kifua, manyoya yanateleza. Tete likainama, likainama. Chubwi.

"Imegusa."

Wenzake wakashangilia. Sikudhani akashangilia kuliko wote, na huku moyo unamwuma. Sikujua akaja akatua karibu naye.

"Usinishangilie," akasema. "Kama huendi, siendi."

"Usiseme hivyo, dada."

"Nimeshasema. Sijawahi kulala peke yangu na sitaanza kwa jangwa."

Sasa mnaona. Mwanzo alikuwa atapotea mmoja. Sasa watapotea wawili, na wa pili ni mnene, mzima, mwenye ruhusa yake. Sikudhani hakulala vizuri. Na alfajiri akafanya kosa ambalo ni fundi wa udongo pekee angeweza kulifanya.

Alikwenda ukingoni, mahali penye tope zuri, lile jeusi la kunata. Akachukua donge kwa mdomo. Badala ya kulibandika, akalimeza. Gudu. Akachukua la pili. Gudu. La tatu, la nne. Tumbo likamjaa ubaridi. Kisha akachukua mengine, akayabandika chini ya mabawa na chini ya mkia, akayalainisha kwa ufundi wake wote, akafunika kwa manyoya. Hata mama yake mzazi asingeona kitu. Akainuka kwa shida, akitweta, akaenda akatua.

Tete likainama. Likainama. Likainama. Chubwi.

Chura akanusa. Alizaliwa kwenye tope, harufu ya tope anaijua. Lakini hakuwekwa pale kunusa, aliwekwa kutazama ncha, na ncha ilikuwa majini.

"Imegusa," akasema.

Pururu, kinamasi kikalipuka kwa furaha. Sikujua akalia machozi ya furaha. "Pacha wangu," akasema, "njoo tuzunguke ziwa mara moja, mimi na wewe, kabla sijapata wazimu."

Angekataaje? Wakaruka. Fa, fa, fa. Ukingo ukabaki nyuma. Maji yakawa mengi.

"Mbona unashuka?" akauliza Sikujua.

"Natazama samaki."

Fa. Fa. Fa.

"Mbona unashuka tena?"

Sikudhani akapiga bawa moja tu. Pumzi ilikuwa imekwisha. Puu. Akaanguka ziwani.

Sikujua akazunguka juu akilia. Kisha akaona maji yanageuka rangi kumzunguka pacha wake, yanakuwa meusi, yanakuwa ya udongo. Akaelewa yote. Chura akaja kwa chini, akamwinua mgongoni, akamsukuma mpaka ukingoni, akamwacha hapo akitapika tope.

"Bwana Chura," Sikujua akasema, "umeona mwenyewe. Mwambie hajagusa. Mfutie."

"Imegusa," akasema Chura, na alikuwa na huzuni. Aliyegusa hapimwi tena.

Kwa hiyo Sikudhani ruhusa anayo. Hakuna wa kumzuia. Siku ikifika ataruka na wenzake, atafika jangwani, ataanguka. Na jangwani hakuna Chura.

"Ungeniangukia jangwani mbele ya macho yangu," Sikujua akamwambia. "Na mimi ningeshuka nawe. Tope, Sikudhani. Tope."

"Nilitaka twende wote," akasema Sikudhani. Aliona haya mpaka akashindwa kutazama. Siku ile na ya pili yake hakurudi mateteni. Alirukaruka nchi kavu, anatua hapa, anatua pale, hawezi kukaa na hana pa kwenda. Alfajiri ya tatu ikamkuta juu ya kichuguu kikubwa, kirefu kuliko nyumba ya jirani yetu.

Akasikia kuru, kuru, kuru. Ni Muhanga anarudi kulala. Mnamjua Muhanga? Masikio ya punda, pua ya nguruwe, kucha za jembe. Anachimba mchwa usiku kucha, na jua likikaribia anaingia shimoni. Tumbo lake siku hiyo lilikuwa linaburura umande.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani ananiamkia mimi nakwenda kulala?"

"Ni Sikudhani, mbayuwayu. Nataka kunenepa, mjomba. Zimebaki siku tano."

Muhanga akaketi. Kuketi kwake kulichukua muda. "Umekula nini mpaka sasa?"

"Nimekula usubi."

"Hm."

"Nimekula utamu wa maua."

"Hm."

"Nimekula tope."

Muhanga akageuza masikio yote mawili. "Tope la wapi?"

"La pale ukingoni, jeusi."

"Lile ni zuri," akasema Muhanga. "Mimi hulipaka mlangoni. Sijawahi kulila. Sasa niambie, ile siku ya usubi ulikwenda kutazama hilo tete lenu mara ngapi?"

Sikudhani akahesabu. "Kumi na tisa."

Muhanga akacheka mpaka masikio yakapigana, pa pa pa. "Mtoto wa watu, ungenenepa lini? Sikia, maana usingizi umenishika na sitarudia. Tafuta kitu kinene. Nondo wenye matumbo, wamelala chini ya majani hawana hata mbio. Mayai ya mchwa, nitakufunulia hapa ubavuni. Na kumbikumbi, mvua ikinyesha. Kumbikumbi ni mafuta matupu, mmoja ni usubi wako wa asubuhi nzima. Kula ukifumbua macho tu, kabla hujamjulia mtu hali. Kula kidogo, pumzika, kula tena. Usingoje njaa ikuite, wewe umeugua, njaa yako imesahau kazi. Ukishakula, zunguka kichuguu changu mara tatu, polepole, nyama ipande kwenye mabawa, isikae tumboni tu. Halafu lala. Mchana, ndiyo. Jua kali, lala."

"Na tete, mjomba?"

"Tete usilitazame mpaka nikuambie."

"Mabawa yananiwasha. Siwezi kukaa."

"Yawashe," akasema Muhanga. "Kuwashwa hakujamuua mtu." Akaingia shimoni, kuru kuru, na muda si muda kichuguu kikaanza kukoroma.

Sikudhani akaanza. Nondo wa kwanza akamaliza. Wa pili akamshinda nusu, tumbo lilikuwa limejikunja kwa njaa za siku nyingi. Akapumzika, akamaliza ile nusu. Akala mayai ya mchwa mawili, matatu. Akazunguka kichuguu mara tatu. Akalala. Akaamka mabawa yanawasha, firi firi firi, akainuka aende kutazama tete.

"Unakwenda wapi?" Sikujua alikuwa amemfuata, amekaa kwenye kijiti. Hasira zilikuwa bado hazijakwisha, lakini alikuwa amekuja na nondo mdomoni.

"Nanyoosha bawa."

"Tete liko upande huo huo unakonyooshea. Kaa. Kula. Lala."

Akakaa. Akala. Akalala. Akaamka.

"Unakwenda wapi?"

"Kunywa maji."

"Maji yako hapa kwenye jani. Kaa. Kula. Lala."

Ikawa ndiyo kazi yao. Kaa, kula, lala. Siku ya kwanza nondo wawili. Siku ya pili wanne. Siku ya tatu Sikudhani aliamka mwenyewe, hajaambiwa na mtu, tumbo linamwita. Nawaambia, hakuna sauti nzuri kwa mtu aliyetoka kuugua kama hiyo. Ninyi akina mama hapo nyuma mnaijua. Mtoto anasema "nina njaa" na wewe unageuka upande upanguse machozi.

Siku ya nne mvua ikanyesha alasiri. Mvua ikakatika, jua likachungulia, na kichuguu kikafunguka. Fuu. Kumbikumbi wakatoka, mabawa yanameta, wanene, wanapepesuka. Mapacha wakala. Sikudhani alikula, akatua, akapumzika kama alivyoambiwa, akala tena. Mafuta yalimtiririka mdomoni.

Najua mnachowaza, mnawaza sufuria na chumvi. Wapumbavu ni wale wanaowaacha kumbikumbi wapite. Sisi tuna kumbikumbi, tuna senene msimu wake, tuna karanga, tuna parachichi linaanguka lenyewe na mnalipiga teke kama mpira. Tuna maziwa, dagaa, ndizi za kupika na maharage. Na bado kuna mtu anashinda na soda na biskuti halafu anauliza mbona shati linampwaya. Kokushubila, siyo wewe. Kunywa uji.

Siku ya safari ikafika. Mbayuwayu wote wakakusanyika, mabawa yanalia, firi firi firi firi, hakuna anayesikia mwenzake.

"Twende, Sikudhani," wakaita. "Ruhusa unayo."

"Ninayo," akasema Sikudhani. "Lakini nataka kutua kwenye tete."

"Aliyegusa hapimwi tena."

"Siombi ruhusa. Natua tu, mjomba amesema sasa nilitazame."

Akatua. Kinamasi kikanyamaza, mara ya kwanza kwa siku kumi na nne. Tete likainama. Likainama. Likainama. Likasimama. Kati ya ncha na maji ilibaki nafasi ya kupita kidole.

Chura akatazama. Angeweza kusema chochote, hakuna aliyekuwa karibu kama yeye.

"Bado," akasema.

"Ni kidole tu," Sikujua akasema. "Kidole ni kitu gani? Twende."

"Kidole ni siku moja ya jangwa," akasema Sikudhani. "Nenda, dada. Wewe umegusa kwa chakula."

"Nilikwambia kama huendi, siendi."

"Kichuguu kimebakiza kumbikumbi wa kutoka mara moja tu. Mjomba ameniambia. Nikila peke yangu wanatosha. Tukila wawili, tunabaki wote. Nenda ukachague ukuta. Kusanya udongo, usijenge, tafadhali usijenge. Nitakuja kujenga."

Sikujua akamnyoosha pacha wake unyoya mmoja kwa mdomo. Kisha akageuka ghafla, asije akabadili nia. Pururu. Mbingu ikawa nyeusi. Halafu ikawa nyeupe. Halafu hakukuwa na mtu.

Nyamazeni kidogo msikie. Hivyo ndivyo kinamasi kilivyokuwa. Matete elfu na elfu, yamesimama wima, hayana wa kuyainamisha.

Sikudhani aliwashwa siku hiyo kuliko siku zote. Kila unyoya ulikuwa unataka kaskazini. Akaruka, akatua. Akaruka, akatua. Hakukuwa na wa kumuuliza unakwenda wapi. Akajiuliza mwenyewe, kwa sauti ya dada yake. Unakwenda wapi? Kaa. Kula. Lala. Akashika jani lililoota kichuguuni kwa kucha zake zote, akakaa. Akatafuta nondo, akala. Akazunguka mara tatu. Akalala, mabawa yanawasha.

Siku ya pili upepo ukabadilika, ukaja na ubaridi. Nondo wakapungua. Siku ya tatu akapata mmoja tu, na usubi ziwani haukupanda kabisa. Sikudhani akaona kifo kinamkaribia na hakukimbia, maana kukimbia kungemla nyama. Alfajiri Muhanga akapita, akampiga jicho.

"Mjomba, baridi imeingia."

"Naisikia," akasema Muhanga. "Lile tundu la mashariki sijaligusa. Nimechimba kwingine kote, lile nimeliacha. Ni lako." Akaingia kulala bila kungoja asante.

Siku ya nne mvua ya mwisho ya masika ikanyesha, ndogo, ya aibu. Likafunguka tundu la mashariki peke yake. Fuu. Sikudhani akala. Akapumzika, akala. Akapumzika, akala, mpaka wa mwisho.

Siku ya tano alfajiri Muhanga akasimama mbele yake, akamtazama kifuani. Kidari hakikuonekana tena.

"Nenda katazame," akasema.

Sikudhani akaenda. Chura alikuwa peke yake chini ya ncha, maji shingoni, macho juu. Akatua. Tete likainama. Likainama. Likainama. Likainama.

Chubwi.

"Imegusa," akasema Chura.

Sikudhani hakuondoka. Akaruka, akazunguka ziwa lote, ukingo kwa ukingo, hakushuka hata mara moja. Akarudi juu ya lile tete, akatua tena. Chubwi.

"Imegusa," akasema Chura. Halafu akafumbua mdomo, na likatoka neno la tatu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. "Nenda."

Akaenda. Akavuka milima, akavuka nyika, akaingia jangwani peke yake. Siku ya kwanza akala mafuta ya tumbo. Siku ya pili akala mafuta ya mgongo. Siku ya tatu akala ya kifua, akasikia yanakwisha, yanakwisha, na kile cha mwisho kabisa, kile cha upana wa kidole, kikampitisha juu ya mchanga wa mwisho mpaka kwenye mti wa kwanza wenye majani.

Alipofika kaskazini alimkuta Sikujua chini ya ukuta, pembeni ya lundo la udongo. Na bila shaka alikuwa amejaribu kujenga, maana nusu ya kiota ilikuwa chini.

Sikujua akamtazama. Kidari kimechongoka. Mabawa makubwa kuliko mwenyewe.

"Umekonda," akasema, na machozi yakamshuka.

"Nilikuwa mnene," akasema Sikudhani. "Unene huo ndio ulionifikisha. Sasa nionyeshe, huku mnakula nini? Halafu unipishe, huo udongo unauharibu."

Tangu siku hiyo desturi ikabadilika. Ndiyo maana hata leo, mbayuwayu wakikaribia kusafiri, utawaona wanatua, wanaruka, wanazunguka, wanarudi kutua palepale. Watu husema wana wasiwasi. Hawana wasiwasi. Wanajipima mara mbili, ili tope lisiwadanganye. Na chura mpaka leo ukimsikia ziwani jioni anasema bado, bado, bado. Lile neno la tatu analitunza.

Maana yake ni hii, naisema wazi nisije nikalaumiwa. Mwili uliokonda haujengwi kwa kujazwa kitu chochote, wala kwa utamu mtupu, wala kwa hofu. Unajengwa kwa chakula chenye mafuta na nguvu, kidogo kidogo, mara nyingi, na kupumzika, na kazi kidogo ya viungo, na siku zake. Na hunenepi ili macho ya watu yakusifu. Unanenepa ili ufike unakokwenda.

Hadithi yangu imetua hapo, tete limegusa maji. Kokushubila, lete bakuli nilione. Bado.